Tope Lililoacha Kula

Asubuhi ile Penina alichota tope la mlangoni kwa karai, akanyanyua, akanusa, na halikunuka. Akasogea mbele, pale penye matete, akachota tena. Wapi! Tope lilikuwa na harufu ya sahani iliyooshwa.

Mlangoni ni pale mto unapoishia kwenye Ziwa Eyasi, chini kabisa ya mashamba ya vitunguu ya Mang'ola. Hapo maji hayana tena haraka, yanatua mzigo. Majani kutoka misitu ya kreta kule milimani, samadi ya ng'ombe wa Kansay na Endabash, mabua ya mahindi, mikia ya vitunguu, panya aliyekufa, vyote vinafika hapo, tope linavifunika, na likishavifunika linakula. Juu lina ngozi nyembamba ya kahawia. Chini yake ni jeusi tii, na ukilikanyaga linatoa mapovu na kunuka yai viza. Mgeni huziba pua. Mwenyeji hufurahi, maana anajua hiyo ni harufu ya tumbo linalofanya kazi. Humo mna minyoo myembamba, mna konokono, mna vijidudu visivyoonekana kwa macho, na kazi yao wote ni kuvunjavunja kilichokufa mpaka kiwe chakula cha kilicho hai. Kambare walikula hapo. Flamingo walikula hapo. Na watu wa mashamba ya chini, wasioweza kununua mbolea ya dukani, walichota tope hilo wakalimwaga kwenye majaruba yao, vitunguu vikaja vizuri tu.

Penina alisimama akatazama alichokuwa anakipita kila siku bila kukitazama. Mikia ya vitunguu ya msimu uliopita ilikuwa bado kijani. Ndama wa Wadatoga aliyezama kabla ya Krismasi alikuwa amelala ubavu, manyoya yanang'aa, hana hata nzi mmoja wa kumliwaza.

"Tope limeacha kula," alimwambia binti yake Laurencia, aliyekuwa anapanga makarai kwenye mkokoteni.

"Labda limeshiba, mama."

"Tope halishibi. Limelishwa sumu."

Na sumu yenyewe haikuwa siri, jamani. Ilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe alikuwa na jina. Mzee Silvanus alifika Mang'ola kutoka Machame na begi moja la nguo. Sasa alikuwa na mashine za maji kule juu karibu na chemchemi, na mashamba, na maghala, na duka la dawa za mimea. Dawa nyingine zilifika dukani kwenye chupa za maji ya kunywa, hazina lebo, watu wakaziita kwa rangi: ile nyekundu, ile ya maziwa. Pipa likiisha linasuuzwa mferejini. Bomba la kupigia dawa likitoka shambani linasuuzwa mferejini. Kilichobaki kinamwagwa mferejini, kwa sababu mfereji unakwenda chini, na huko chini wanakaa nani? Wanakaa akina Penina.

Mumewe, Valeriani, alikuwa mpiga dawa wa Silvanus. Alibeba bomba mgongoni tangu Laurencia yuko tumboni, bila glovu, bila cha kuziba pua, shati limelowa ile ya maziwa mpaka mgongo ukawa mweupe wa kuambuka. Siku moja ya Februari, jua la utosi, aliliweka bomba chini vizuri lisimwagike, akakaa kwenye tuta, akatoka povu, akafa. Zahanati iliandika malaria. Silvanus alileta msibani sukari, soda na blanketi la maua, akasimama mbele ya watu akasema Mungu amempenda zaidi. Watu waliitikia amina, kwa sababu nusu yao walikuwa vibarua wake na nusu iliyobaki walimuuzia vitunguu. Penina hakuitikia. Alimzika mumewe ukingoni mwa shamba lao dogo, hapohapo mlangoni, na nyumba ikaingia metimani.

Kwa Wairaqw, nyumba iliyofiwa hivyo hutengwa. Haiiti jirani na haiitwi. Haiazimi jembe, haichukui moto kwa mtu, maji inachota peke yake, upande wake. Posa haipokelewi na mahari haizungumzwi. Hakuna anayewachukia, ni usafi tu, na una mwisho wake. Katika ukoo wa Valeriani mwisho huo ni kaburi kutitia. Mkubwa wa ukoo, Mzee Tluway, hushuka kutoka Kansay akalitazama tuta la kaburi. Likiwa limeshuka, maana yake udongo umempokea mtu wake, basi nyumba inasafishwa, pombe inanywewa, mlango unafunguliwa. Laurencia alikuwa na mchumba Endabash, fundi pikipiki mwenye adabu, na wazazi wa kijana walikuwa tayari kabisa. Walisubiri kaburi tu.

Miezi ilipita na lile tuta lilikuwa juu vilevile kama jioni lilipofukiwa.

Masika ilipokuja mto ulishuka na magogo na hasira, ukala ukingo, ukala robo ya shamba la Penina. Kesho yake mchana, Penina alikuwa ukumbini anachambua maharage, akasikia hodi. Valeriani alisimama mlangoni na suti yake ya kijivu aliyooa nayo, imelowa, rozari imezungushwa mkononi kama wao wenyewe walivyoizungusha kabla ya mazishi. Nywele zilikuwa vilevile. Hata jeraha la wembe la kinyozi wa kijiji cha Barazani, aliyemnyoa siku ya kumzika, lilikuwa jipya.

"Karibu," Penina alisema, akamsogezea kigoda.

"Limenikataa," Valeriani alisema. "Nimelala humo muda wote huo, halijagusa hata ukucha."

"Unajisikiaje?"

"Sijisikii kitu. Mgongo tu ndio unawasha."

Penina alifurahi, asije mtu akasema hakufurahi. Alimvua suti, akaianika, akampa shati kavu, akamwekea ugali na mlenda. Valeriani aliutazama ule ugali kwa heshima, akasema hauna pa kwenda. Jioni walikaa nje pamoja bila kuongea sana, kama zamani. Ila Penina alipoingia kulala na mumewe akabaki amekaa palepale, macho wazi, hana usingizi wala uchovu, ndipo alipoelewa kwamba wamenyang'anywa hata msiba. Alilia kwa hasira, uso kwenye mto, ili mwenzake asisikie.

Majirani walimpungia Valeriani mkono kutoka mbali, kwa sababu ya metimani. Bwana shamba, kijana anaitwa Joel, alikuja na pikipiki ya serikali, akajaza tope kwenye chupa ya soda, akasema sampuli itapelekwa Arusha. Chupa hiyo ipo mpaka leo dirishani ofisini kwake, na ndani yake kuna jani la mkaratusi lililo bichi kabisa.

Mzee Tluway alishuka na bodaboda. Alisimama ukingoni mwa ua, hakuvuka, akakohoa.

"Valeriani, hujambo?"

"Sijambo, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Na kaburi je?"

"Halina mtu."

Mzee alitazama chini, akachora kitu kwa fimbo, akakifuta.

"Basi metimani iko palepale," alisema. "Siwezi kumaliza msiba wa mtu ambaye ananiamkia."

"Mzee," Penina alisema, "na mtoto wangu je? Atazeekea humu?"

"Mwanangu, mimi sijaweka hili. Aliyelifanya tope lisile, mwambie alirudishe lipate kula."

Kesho yake Penina alichukua ndoo, akaweka humo mikia ya kijani ya vitunguu, na kitunguu kimoja cha mwaka jana alichokifukua kwenye tope, akapanda kwenda kwa Silvanus. Alimkuta ghalani, amekaa kwenye kiti cha plastiki, vibarua wanashindilia lumbesa mpaka magunia yanatoa macho.

"Karibu, Mama Laurencia. Pole na msiba."

"Msiba wenyewe haujaisha, mzee. Maji unayomwaga mferejini yameua tope la mlangoni. Hakuna kinachooza. Mume wangu hajaoza. Nimekuja kukuomba kwa adabu, acha kumwaga dawa mferejini. Chimba shimo lako, mwaga kwako. Tope likipumzika litarudi."

Silvanus hakuwa anamsikiliza. Alikuwa amekichukua kile kitunguu. Alikibonyeza, akakikata kwa kisu cha mfukoni, akakinusa, akalamba kisu.

"Hiki cha lini?"

"Cha mwaka jana."

"Hakijaoza."

"Ndiyo shida yenyewe ninayokwambia!"

"Shida," alisema Silvanus, polepole, kama mtu anayejaribu neno la kigeni.

Kila mtu Mang'ola anajua kinachomuua mkulima wa kitunguu. Si ukame wala wadudu, ni kuoza. Mavuno yanatoka kwa pamoja, bei inaanguka, na huwezi kusubiri kwa sababu kitunguu chenyewe hakisubiri, kwa hiyo unampa dalali kwa bei anayotaka yeye, na chozi juu. Wiki hiyo hiyo mlangoni palizungushiwa senyenge. Wakaja walinzi na virungu. Vitunguu vya Silvanus vikalazwa kwenye tope, tabaka juu ya tabaka, vikafunikwa, vikasubiri bei ya Nairobi ipande, navyo vilisubiri bila wasiwasi. Wakubwa walikuja na magari kuangalia, wakalisifu ghala lisilo na paa. Wakasema huo ndio ubunifu. Kambare hawakuwepo tena, flamingo walikwenda kutafuta maisha kwingine, majaruba ya chini yalitoa vitunguu vya ukubwa wa gololi, na hayo hakuna aliyekuja na gari kuyaangalia.

Lakini siku ile ghalani, kabla Penina hajaondoka, Silvanus alimwuliza jambo moja zaidi.

"Nasikia Valeriani yupo nyumbani. Anafanya nini?"

"Amekufa, mzee."

"Hilo nimesikia. Mikono anayo?"

Penina aliinua ndoo yake aondoke.

"Kwa sababu dawa haiwezi kumfanya kitu tena," Silvanus alisema kwa upole. "Na kazi anaijua. Mwambie aje Jumatatu."

"We Silvanus!" Penina alipiga ndoo chini, vibarua wakageuka. "Hivi wewe umezaliwa au umeokotwa? Umemuua mtu, ukamletea soda, sasa unamwita kazini? Huna haya? Hata fisi akishashiba humwacha maiti!"

"Mama Laurencia, usinijazie watu. Mimi natoa ajira." Akawapungia vibarua waendelee kushindilia.

Penina hakufikisha ujumbe, lakini ujumbe wa bosi una miguu. Jumatatu Valeriani aliinuka pale alipokuwa amekaa, akavaa shati la kazi, na Penina akamsimamia mlangoni, mikono kwenye fremu.

"Huendi."

"Amemchukua kijana wa jirani yetu Mama Anitha apige dawa badala yangu," Valeriani alisema. "Ana miaka kumi na tisa. Bora mimi niliyekwisha kufa."

 Penina aliutoa mkono mmoja, kisha wa pili. Valeriani akaenda, akabeba bomba, akapiga ile ya maziwa kutoka tuta hadi tuta bila kupumzika, bila kunywa maji, bila kukohoa. Silvanus alimsifu mbele ya wengine. Aliwaambia: mnaona mfanyakazi?

Penina si mtu wa kukaa akitazama. Aliwaza jinsi maziwa yanavyoganda. Maziwa hayagandi kwa kuombewa. Unaacha kidogo cha jana kwenye kibuyu, na hicho kidogo kinafundisha mapya. Tope nalo limesahau kazi, basi lifundishwe. Alipanda Kansay kwa kaka yake Fabian, aliyekuwa na lundo la samadi nyuma ya zizi, kubwa, la moto ndani, asubuhi za baridi linafuka moshi kama jiko. Fabian alimjazia gunia la samadi yenye minyoo, bila kumsogelea, akaliacha njia panda alichukue mwenyewe. Penina alilishusha mlangoni, akalifukia kwenye kipande cha tope nje ya senyenge, akalimwagilia, akalipigia ishara ya msalaba.

Asubuhi alikuta minyoo imetoka yote. Ilikuwa imejipanga kwenye njia, mmoja nyuma ya mwingine, inaelekea juu, Kansay. Penina aliiokota kwa utaratibu, akairudisha ndani ya gunia na kulitia jani bichi la mgomba, maana ni mbali kwa mnyoo. Akampa dereva wa Fuso aliyekuwa anapandisha, akamwomba aishushe kwa Fabian.

"Basi kama mlaji hakifuati chakula, chakula kitamfuata mlaji," alimwambia Valeriani.

Jumapili baada ya misa walipanda bodaboda, mshikaki, Valeriani katikati. Kwenye mlima wa Endabash watu waliwasalimia wakawaachia njia. Kwa Fabian walikuta lundo linafuka. Walichimba upande wa juani, Valeriani akalala mwenyewe, akajipanga vizuri, akaomba wamfunge vifungo vya koti.

"Pana joto," alisema, na ilikuwa mara ya kwanza tangu arudi kusikika akisema anahisi kitu.

"Lala, baba," Penina alimwambia. "Lala sasa."

Wakamfukia. Penina alirudi Mang'ola peke yake, na njia nzima moyo ulikuwa mwepesi, akaona hata haya kwa wepesi huo. Alimwambia Laurencia afue kitenge chake kizuri. Akatuma salamu kwa Mzee Tluway.

Siku chache baadaye Fabian alipiga simu. Alikuwa mtu mstaarabu, na alizungukazunguka kwanza, akauliza mvua, akauliza afya.

"Dada," alisema hatimaye, "samadi imepoa."

Penina alipanda tena. Lundo lilikuwa limesimama kimya, halifuki. Kuku, ambao huwezi kuwafukuza kwenye samadi hata kwa fimbo, walikuwa wanalizunguka mbali. Fabian alichota kwa koleo akamwonyesha: mavi makavu, safi, hayana harufu, na majani ya malisho ndani yake yako kijani. Msimu wa kupanda ulikuwa umefika, naye hakuwa na mbolea nyingine.

Sauti ya Valeriani ilitoka mle ndani, ya chini, ya aibu.

"Penina, nitoe. Namharibia shemeji."

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya misimu yote ile ya bomba mgongoni. Silvanus alikuwa amemjaza mtu mpaka mtu akawa pipa. Tope halikumkataa Valeriani kwa sababu ya tope tu. Valeriani mwenyewe sasa alikuwa anaweza kuua udongo popote atakapolazwa, na Penina alikuwa amembeba kwa mkono wake mpaka kwenye shamba la ndugu yake wa tumbo moja. Walimchimbua. Alijipangusa, akamwomba shemeji radhi. Fabian alisema si kitu, ingawa kilikuwa kitu kikubwa sana. Lundo hilo alilihamishia barabarani, na lipo hapo mpaka sasa, halipungui.

Watu wa Endabash walituma mshenga kusema kijana amepata mwenzake mwingine, na kwamba hawana kinyongo. Laurencia alikunja kile kitenge alichofua. Akapanda gari kwenda Karatu, kufua mashuka ya wageni kwenye lodge moja, huko ambako hakuna anayeuliza nyumba yenu iko katika hali gani.

"Mama, njoo tukae wote," alisema dirishani.

"Na baba yako nimwachie nani?"

Kuanzia hapo Penina alikuwa na hasira ya kuamka nayo. Alimkataza Valeriani kusuuza bomba mferejini. Alilete nyumbani, walisuuzie kwenye ndoo. Kila jioni ndoo ikajaa maji ya rangi ya maziwa, na kila jioni Penina aliisimamia akiwaza pa kuyamwaga. Ndipo alipoikumbuka bustani ya Silvanus.

Katika bustani hiyo alizikwa mama yake Silvanus, Bibi Eliapenda. Mtu wa Machame hazikwi ugenini. Anarudishwa nyumbani, kihambani kwao, kwenye migomba yao, hata kama ni mbali vipi. Lakini Bibi Eliapenda alikufa mwezi wa Juni, mavuno yamepamba moto, magari yote yamepakia, na mwanawe aliona si busara kushusha vitunguu. Akamzika kando ya nyumba, akamjengea kaburi la vigae vya bluu, akaahidi kumhamisha msimu ukiisha. Msimu ulikwisha, ukaja mwingine. Bibi mwenyewe hakuwa na ubaya na mtu. Ndiye pekee aliyewahi kumwambia Silvanus, mbele ya watu, awanunulie vibarua glovu. Penina alilijua hilo. Hasira hasara, wanasema wahenga. Penina alisema hasara ameshaipata, kilichobaki ni hasira.

Alipita kwenye geti jioni, mlinzi akamwachia akidhani ni mmwagiliaji maua. Akamwaga ndoo nzima kando ya vigae, udongo ukanywa. Kesho yake tena. Akafanya hivyo mpaka maua ya pale yakaacha kunyauka na kuacha pia kuchanua.

Asubuhi moja Bibi Eliapenda alikutwa barazani kwa mwanawe, amekaa kwenye kochi, gauni lake la kanisani lina udongo, anauliza kama chai ipo. Habari ilishuka mfereji mzima kabla ya saa mbili. Vibarua waliacha majembe, wanawake wa kukata mikia ya vitunguu walitoka bandani na visu vyao, watu wakajaa kwenye ua. Penina alisimama mbele kabisa karibu na geti, na ndoo yake tupu. Sasa atajua, alisema kimoyomoyo. Sasa na yeye itamwuma kama inavyoniuma.

Silvanus alitoka na mswaki mdomoni. Alitema kwenye maua, akapangusa mdomo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kwa nini bado niko huku, Silvanus?"

"Msimu, mama."

"Msimu gani? Si ulikwisha?"

"Huu mwingine."

Bibi alimtazama mwanawe. Watu wote walimtazama. Silvanus naye alimtazama mama yake kwa muda mrefu, toka kichwani hadi miguuni, na kuna waliosema waliona kitu usoni mwake kikitaka kuvunjika. Kisha aliangalia saa. Akaagiza kiti kirefu chenye mto, kanga safi, na kisu.

"Kukaa bure kutakuchosha, mama," alisema, akamshika mkono taratibu, kwa heshima zote, akampeleka bandani kwa wanawake wa kukata mikia.

Watu walirudi kazini. 

Jioni Penina alikwenda bandani na ndoo ya siku ile mkononi, imejaa, kwa sababu Valeriani alikuwa amesuuza kama kawaida. Wanawake wengine walikuwa wameondoka. Bibi Eliapenda alikuwa bado anakata. Mkono wa kushoto ulikuwa hauna vidole viwili, na alikibana kitunguu kwa vile vilivyobaki.

"Ni wewe uliyekuwa unamwaga?" alimwuliza, bila kunyanyua macho.

Penina alipiga magoti kwenye maganda. "Ni mimi, mama. Nisamehe."

"Nilikuwa naendelea vizuri, mwanangu. Udongo ulikuwa umeshanipokea. Ulikuwa umeanza na mkono huu."

"Nilitaka aone." Penina alikuwa analia wazi sasa, makamasi na yote, na hasira ilikuwa imemgeukia mwenyewe. "Nilitaka tu aone!"

"Ameona," Bibi Eliapenda alisema. Akakata mkia, akatupa kitunguu kwenye lundo la kuuzwa, akachukua kingine. "Ameona, akanipa kisu."

Valeriani alipita nje na bomba la kesho mgongoni, akasimama, akamwamkia Bibi. Bibi akaitikia. Kule mlangoni walikuwa wanafukua vitunguu vya mwaka jana, vipya, na Fuso zilikuwa zinapakia lumbesa kwa ajili ya Nairobi, kwa sababu bei ilikuwa imepanda.

Penina alijifuta uso, akainuka, akabeba ndoo yake akatoka nayo. Alisimama barabarani mpaka Fuso ya mwisho ikaondoka, anatafuta kwa macho mahali pa kuimwaga, na kila alipotazama palikuwa na mteremko wa kwenda kwa mtu.